Kwa binti yangu aliye Osaka

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliponiinulia kidole cha kati kwenye video, mama yako alishtuka. Ukatueleza kuwa ni lugha ya ishara ya viziwi wa Japani: kikipanda ni kaka, kikishuka ni mdogo wa kiume, kidole cha mwisho kikipanda ni dada, kikishuka ni mdogo wa kike. Wiki nzima nimekuwa nikiirudia mikono yako. Sisi husema "mdogo wangu", na msikilizaji hajui ni mvulana au msichana. Huko kidole kimoja kimeyabeba yote mawili. Nimependa sana.

Nakuandikia barua kwa kuwa mimi kiziwi huongea kwa mikono, simu hushika mkono mmoja, nami nina mengi.

Ulisema mwalimu wako wa jioni anasikia, na kila neno la Kijapani analolitamka hulipa ishara yake. Hapo nikapata wasiwasi. Hicho ni Kijapani kilichovishwa mikono. Wapo waliopoteza usikivu ukubwani kinaowafaa, wala siwadharau. Lakini Nihon Shuwa, lugha ya viziwi wenyewe, ina mpangilio wake, na sarufi yake nyingine imo usoni: nyusi zikiinuka, sentensi imekuwa swali. Ukitazama mikono tu, utapitwa na nusu ya maneno. Kwa hiyo tafuta viziwi, mwanangu. Keti nao, kosea mbele yao, wakurekebishe. Wewe ulijifunza ishara kwangu kabla hujaweza kutembea. Unajua lugha hii hutoka kwa nani.

Sikukwambia kwa nini jambo hili linanigusa. Shuleni kwetu tulichapwa rula vidoleni tulipoonekana tukiongea kwa ishara. Tulitakiwa tutamke. Kumbe Japani nako ilikuwa vilevile! Shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Kyoto mwaka 1878, na Furukawa Tashirō akafundisha kwa mikono. Mwaka 1933 waziri wa elimu, Hatoyama Ichirō, akahimiza shule zifundishe kwa mdomo, na ishara zikafukuzwa madarasani. Hapohapo Osaka unapoishi, mwalimu mkuu wa shule ya viziwi ya jiji, Takahashi Kiyoshi, alikataa. Alikuwa anasikia kama wewe, na bado akazitetea ishara. Ukipata nafasi, soma habari zake.

Osone Gensuke, mwalimu wa shule hiyohiyo, alirudi kutoka Marekani akatunga herufi za vidole za Kijapani. A, i, u, e, o zinafuata za Kimarekani, ambazo ndizo nilizojifunza ukubwani. Irabu zao tano ni zetu. Basi ukinitumia video, hizo nitazisoma bila kufasiriwa.

Sisi Katiba ya 2010 iliiingiza Lugha ya Ishara ya Kenya Bungeni, kando ya Kiswahili na Kiingereza. Huko Japani, mkoa wa Tottori ulipitisha sheria yake ya ishara 2013. Mimi na wazee wa huko tulikuwa tumeshazeeka tukingoja.

Nina ombi moja. Ukimpata kiziwi wa umri wangu aliyelala bwenini, mpe salamu zangu. Sisi taa zilipozimwa tulishikana mikono tukaongea viganjani, kitanda kwa kitanda, hadi usingizi utuchukue. Muulize wao walifanyaje gizani.

Baba yako