Nitumie mawe, shosti

Upanga, Jumapili usiku

Neema wangu,

Salamu nyingi, na usianze kununa. Najua tangu arobaini ya Mama Mkubwa sijakupigia, na ile meseji yangu ya "nakupigia baadaye" ina miezi mitatu sasa. Sisi hatujambo. Kasimu yupo na kazi zake, mapacha wameng'oka meno ya mbele wiki moja, wakicheka utadhani vibibi. Zaituni karudi Tanga. Hiyo ni habari ya simu, si ya barua.

Kilichonikalisha chini niandike ni mawe. Usicheke kwanza.

Unaikumbuka bustani yangu ya balkoni, ile ya maji ya tangi la samaki kulisha mboga kwenye kokoto, uliyoiita ndoa ya samaki na chainizi? Basi ndoa inayumba. Mwanzoni niliifanyia adabu zote. Maji ya bomba nilikuwa nayalaza kwenye ndoo wazi siku nzima dawa itoke. Nikaanza na samaki wawili tu, nikangoja wiki sita bakteria wajae kwenye kokoto, maana wao ndio wanaogeuza uchafu wa samaki kuwa mbolea. Bila wao unafuga sumu. Chainizi ya kwanza niliichuma alasiri, jioni iko mezani na kitunguu na nyanya, Kasimu akapangusa sahani kwa ugali mpaka ikang'aa.

Mwezi uliopita majani machanga yakaanza kugeuka njano, mishipa tu ikabaki kijani, kama ramani ya mito ukutani darasani. Ya chini mazima kabisa. Mtu mmoja (simtaji, unamjua) akasema mbolea haitoshi, walishe samaki zaidi. Nikawalisha. Alhamisi naamka, sato wanne wanaelea, waliobaki wako juu ya maji wanahema kama wamekimbizwa. Nikausingizia umeme, kwa sababu usiku ule ulikatika na pampu ikalala. Mapacha wakawazika marehemu kwenye ndoo ya mndimu, wakawasomea na dua.

Ila umeme ulirudi, na samaki waliendelea kuhema. Jana nikiwa naosha vyombo ndiyo nikakumbuka maneno yako: "Chukua mawe ya mto." Mimi nilichukua kokoto za Kunduchi zilizobaki kwa fundi wa ukuta, kwa kuwa zilikuwa za bure. Nikaipangusa moja, nikaidondoshea siki. Weee! Ikachemka povu kama soda iliyotikiswa. Matumbawe hayo, shosti, chokaa tupu! Nimeitia chokaa kwenye maji kwa mikono yangu miezi yote hii. Nikapima pH, kile kipimo cha uchachu wa maji ambacho 7 ndiyo katikati, ikasoma 8.2. Hapo madini ya chuma hata yakiwemo mmea hauyapati, ndiyo ile njano. Na amonia, ile inayotoka kwenye uchafu wa samaki, kwenye maji hayo ni sumu zaidi ya mara kumi kuliko ingekuwa 7. Mimi nazidisha chakula!

Sasa kila asubuhi natoa theluthi ya maji na kumimina mapya, chakula nimekipunguza hadi kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili. Matembele peke yake ndiyo hayajali. Matembele hata ukiyatukana yanachipua.

Kwa hiyo ombi. Huko kwenu Arusha kuna yale mawe mepesi ya volkano, mekundu, yenye vitundu kama mkate wa kumimina. Hayana chokaa ya kutoa povu, na kila kitundu ni chumba cha bakteria. Nakuomba viroba viwili. Wepesi wake ndio hasa ninaoutaka, maana Mama Ashura wa ghorofa ya chini ananihesabia kilo: tangi ni la lita 250, yaani kilo 250 kabla sijaweka hata jiwe moja. Siku hizi akinisalimia anaangalia dari yake kwanza, ndipo ananiangalia mimi.

Kasimu anasema fungu la mchicha sokoni ni shilingi mia tano, na mimi naliagizia mawe mkoani. Hesabu hiyo nimekataa kuisikiliza.

Haya niambie: yanauzwa au yanaokotwa tu? Yule dereva wenu wa zamani bado yuko kwenye mabasi? Kiroba kimoja wanachaji kwa uzito au kwa ukubwa? Ukikutana na jiwe la ajabu lijaribu siki kabla ya kulitia, si unayo ya kachumbari? Na unaonaje nikiachana na sato nifuge kambale? Wanavuta hewa ya juu, umeme ukikatika hawanipandishi presha, ila Kasimu kambale hali, anasema wana ndevu. Goti la baba linaendeleaje? Na wewe yule mwalimu ulimjibu nini?

Usiyaoshe, nitayaosha mwenyewe. Yakishapakiwa nipigie unipe namba ya basi, nitakuwa pale stendi ya Magufuli kabla halijafika.

Wako,
Mwaju