Lebo za dawa za magugu zitaje pia madhara kwa homoni

Mhariri,

Msimu huu wa kupanda, kijijini kwetu Mbozi, nilimkuta jirani yangu akisuuza dumu la lita tano lililokuwa na dawa ya magugu yenye atrazini. Alilisuuza mara mbili, akanusa, akaridhika kwamba harufu imekwisha, kisha akajaza maji ya kunywa ya kwenda nayo shambani yeye na binti yake mjamzito. Nilipomsihi aliache, alinijibu kwa upole, "Mwaka wa nne huu, mwalimu, natumia madumu haya, na hakuna aliyeumwa hata tumbo."

Wakulima tumezoea kuipima sumu kwa kutapika, kuwashwa na kizunguzungu, na maonyo tunayopewa ni ya hayo hayo. Kemikali inayovuruga homoni, yaani vichocheo vinavyoongoza ukuaji na uzazi mwilini, haina haraka hiyo, na hatari yake kubwa ni wakati viungo vya mtoto vinajengeka tumboni. Dawa ya DES, homoni ya kutengenezwa waliyopewa wajawazito wa Marekani tangu miaka ya 1940 ili mimba zisiharibike, haikuwaangusha waliomeza. Ni mwaka 1971 ndipo madaktari wa Boston walipoihusisha na saratani adimu ya uke iliyowapata mabinti zao.

Kuhusu atrazini yenyewe, mwaka 2002 mwanabiolojia Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza kwamba baadhi ya vyura waliokulia, tangu wakiwa viluwiluwi, katika maji yenye gramu moja tu ya kemikali hiyo kwa lita milioni kumi walikuwa na viungo vya uzazi vyenye kasoro. Na katika utafiti wake wa mwaka 2010, kwa kiwango kikubwa zaidi cha atrazini, madume kumi katika kila mia yaligeuka majike yenye kutaga mayai. Watengenezaji wameyapinga matokeo hayo. Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, uliikataa atrazini mwaka 2004 kwa sababu ya mabaki yake katika maji ya ardhini, yaani maji ya visima kama hivi tunavyochota sisi. Sisemi kwamba mjukuu wa jirani yangu atazaliwa na kasoro. Nasema mama yake ana haki ya kuambiwa.

Naiomba Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ihakikishe kwamba lebo zinaeleza kwa Kiswahili, na kwa herufi zinazosomeka, kuwa mjamzito asipulize dawa hizi wala asifue nguo za aliyepulizia, na kwamba wauza pembejeo wanawajibika kupokea madumu matupu. Lile la jirani nilimbadilishia kwa ndoo yangu, nikalitoboa kwa msumari. Jumamosi iliyofuata nililiona jingine la aina ile ile gulioni, limeoshwa vizuri, likiuzwa la kuwekea mafuta ya alizeti.

Mwalimu mstaafu na mkulima wa mahindi,
Mbozi, Songwe