Kaka, umechanganya kusi na kaskazi

Kaka yangu uliye Muscat,

Asalaam alaykum. Huku sote wazima. Nakujibu hadharani kwa sababu uliyoniuliza huulizwa na wengi wa rika lako, walioondoka Unguja wadogo na hadi leo wanautamani mji ambao haukuwahi kuwapo. Unataka kuwaleta watoto mwezi wa Aprili wakarushe tiara (vishada) kwenye uwanja wa Mnazi Mmoja, wale maembe ya boribo, wanuse karafuu mbichi juani, na magharibi mfuturu barazani kama zamani. Yote hayo yalikuwapo. Hayakuwapo pamoja, kaka. Umeukunja mwaka mzima ukautia kwenye begi la wiki mbili, na Aprili uliyoichagua haina hata kimoja kati ya hivyo.

Tuanze na upepo, maana mji huu ulijengwa kwa upepo kabla haujajengwa kwa mawe. Kaskazi, upepo wa kaskazini, huanza kujitokeza Novemba, ikakaza Disemba, ikakaa hadi Machi. Inatoka upande wa kwenu huko, na ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi ya Ghuba na tende zake, chumvi na papa mkavu. Ndani yake mna kiangazi cha Januari na Februari, wakati jua linapopanda hadi nyuzi 33 na usiku haupoi. Kisha upepo unakufa. Kati ya Machi na Aprili bahari hulala kama mafuta kwenye sinia. Mabaharia wanaita tanga mbili, kwa kuwa chombo kinaweza kwenda huku au kule. Hapo ndipo masika yanapoingia. Aprili peke yake inaweza kumwaga zaidi ya milimita 300 za mvua. Mbele yake ni kusi, upepo wa kusini: huja na mvua hizo hizo, na Juni hadi Agosti ndiyo yenye nguvu zake, na kipupwe, majira ya baridi, ndani yake, usiku nyuzi 22 na watu wazima wakijifunika shuka mbili. Majahazi ya Ghuba yalikuwa yakikimbilia kung'oa nanga kusi ikiwa bado changa, maana ya Julai si ya mchezo kwa chombo kilichojaa boriti. Kusi ikilegea, Septemba na Oktoba, ndiyo demani, na kwa maoni yangu mwaka hauna wakati mzuri kuliko huo. Halafu vuli, kisha kaskazi tena.

Vuli sina mengi ya kusema, kwa sababu haiaminiki. Mawingu yanajikusanya tangu asubuhi, wanawake wanaanua nguo, na jioni hakuna lililonyesha. Mwaka mwingine inakosa kabisa. Mwaka mwingine maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yanapata joto kupita kawaida, na vuli inageuka masika ya pili, kama 1997, 2019 na 2023. Ukisikia mtu anaapa kwamba zamani vuli ilikuwa na tarehe yake, muulize zamani ipi.

Sasa kumbukumbu yako ya kufuturu. Unasema Ramadhan ilikuwa ya baridi, mkirusha tiara tangu alasiri kupoteza njaa hadi mzinga ulie. Ni kweli kabisa, na sababu yake ni hesabu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhan inarudi nyuma kila mwaka na kumaliza mzunguko baada ya miaka 33. Ulipokuwa na miaka tisa, 1982, ilianza mwishoni mwa Juni, katikati ya kipupwe. Ikarudi mahali pale pale mwaka 2015. Mwaka huu wa 2026 imeingia Februari, kiangazi kikali, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari mwanzoni na Disemba mwishoni. Wanao wakija kufunga huku miaka hii watafuturu kwa embe, wala hawataona tiara angani. Ya baridi itarejea karibu na 2048. Mchana wenyewe haubadiliki sana: tuko nyuzi sita tu kusini ya Ikweta, na siku ndefu inaizidi fupi kwa chini ya saa moja. Kilichoifanya Ramadhan yenu kuwa nyepesi ni upepo na kiu isiyouma.

Tiara ni ya kusi. Kaskazi nayo inavuma, ila jua lake linamchosha mtoto kabla uzi haujaisha mkononi. Kusi huamka saa tatu asubuhi, ikakaza alasiri, na Mnazi Mmoja pako wazi, haina nyumba ya kuivunja. Ukitaka watoto watengeneze wenyewe badala ya kununuliwa ya nailoni, tafuta chelewa za kuti lililokauka mtini, si lililooza chini. Chelewa moja ni laini mno. Funga mbili kwa ule uti wa katikati, moja kichwa juu na nyingine kichwa chini, kwa kuwa kila chelewa ina ncha nene na ncha nyembamba. Zikielekea upande mmoja, tiara itakuwa na kiuno kibovu. Uti uwe na sentimita 60, wa kukingama 50, wafunge wakutane theluthi moja kutoka juu. Pima pande mbili za ule wa kukingama kwa kuuning'iniza kwenye kidole: ukiinama upande mmoja, kata hapo hapo, usisubiri kubandika karatasi. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne. Karatasi iwe ya shashi; gazeti linafaa lakini ni zito. Gundi ni vijiko viwili vya unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji, uchemshwe hadi ung'ae. Usipochemka, ukikauka unakuwa chenga na karatasi inaachia.

Mkia wa matambara uwe mara tano au sita ya urefu wa uti. Tiara ikizunguka kama pia, mkia ni mfupi au pande hazilingani. Ikikataa kupanda ilhali upepo upo na uzi unavuta mkono, fundo la kamba ya tumboni liko chini mno, lisogeze juu kidogo. Ikipanda kisha ikawa inalala na kupepesuka, umelipeleka juu kupita kiasi. Sogeza upana wa kidole kimoja kwa mara, usizidishe. Watoto hukosa subira hapo, na wazee wao ndio zaidi.

Karafuu. Harufu unayoikumbuka mjini haikuwa ya kuanika. Ilikuwa ya maghala ya Malindi, mtaa wetu wa hapa bandarini, na vyombo vilivyotoka Pemba vimejaa magunia. Kuanika ni kwa shamba, na wakati wake ni kuanzia Julai au Agosti hadi Disemba hivi, miaka ambayo mkarafuu umekubali kuzaa, maana hauzai sawa kila mwaka. Hushangai kwa nini hata mzigo wa Unguja mwingi ulitoka Pemba? Ni msimu ndio ulioamua. Aprili 15, 1872, masika, kilipiga kimbunga, jambo lisilo la kawaida huku karibu na Ikweta. Kiliivunja minazi na mikarafuu ya Unguja na kuzamisha vyombo bandarini, na Pemba ikanusurika. Tangu hapo kwao karafuu ni Pemba.

Watoto wako wakitaka kuona kazi yenyewe, wawe shamba Agosti au Septemba. Vichane vinachumwa wakati tumba zimeanza kuingia wekundu na hazijafunguka; tumba ikishachanua, thamani imeondoka. Jioni ile ile watu wanakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) kule. Hapa ndipo mvivu anapopoteza. Karafuu mbichi ikilala ndani ya gunia usiku mmoja inapata joto yenyewe, inachachuka, na ikikauka inakuwa na rangi hafifu yenye mikunjo badala ya ule wekundu wa hudhurungi. Asubuhi zinatandazwa kwenye majamvi, safu nyembamba, zinageuzwa mara kadhaa, na jua likitua majamvi yanakunjwa. Jua zuri la demani linazimaliza kwa siku nne au tano. Vuli ikiingia kati, wiki nzima watu wanakimbizana na mawingu. Zilizokauka zinavunjika kwa kucha na sauti inasikika, zinazopinda bado. Kilo tatu mbichi hutoa kavu kama kilo moja, na hesabu hiyo iwaeleze watoto, watajua kwa nini mtu anakasirika mvua ya dakika kumi inaponyesha.

Hilo la maembe ni fupi: boribo la Muyuni ni la kaskazi. Disemba na Januari ndiyo hasa. Ukilikuta Aprili, usiulize limetoka wapi.

Nyumba sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu umetuma pesa. Unataka ipigwe lipu (plasta) Februari ili masika yasiikute uchi, na umeniuliza kwa nini ile ya saruji imebambuka yenyewe kwa mabamba, na mawe yameshikamana nayo. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita au zaidi, na unakunywa maji. Masika unakunywa, kipupwe na demani unayatoa kidogo kidogo kupitia lipu. Chokaa inayapitisha. Saruji ni ngumu, inayafungia ndani pamoja na chumvi ya bahari. Chumvi inatafuta njia, inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma hadi idondoke. Wakati huo huo vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinakaa kwenye unyevu mwaka mzima na kuoza pale ambapo huvioni. Sakafu ya juu ikianza kubonyea, kosa halikuanza juu. Nakuomba usitume tena pesa ya saruji.

Tumia chokaa iliyozimwa ikakaa shimoni chini ya maji wiki kadhaa. Ikitumika ingali changa, punje ambazo hazijazimika zitavimba baadaye ukutani na kuacha vijishimo. Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga usio wa pwani, kwa tabaka zisizozidi sentimita moja, na tabaka la pili lisubiri la kwanza likaze. Wakati si Februari. Jua la kiangazi linaikausha chokaa juu kabla haijashika ndani, inapasuka kama tope la bwawa, na mafundi wanakwambia mchanga ndio mbaya. Juni nayo ni mapema, ukuta bado umeshiba masika. Agosti na Septemba ukuta umekwisha kujikamua na jua ni la adabu. Hata hivyo utundikiwe magunia yaliyoroweshwa kwa wiki moja.

Februari ina kazi yake nyingine, na hiyo tutaifanya: kupanda juu ya paa. Misumari ya mabati huliwa na hewa ya bahari, inabadilishwa kabla haijaacha tundu. Mlizamu, mfereji wa maji ya paa, unazibuliwa, maana mlizamu ulioziba unamimina mto mzima mahali pamoja ukutani. Na miche ya mitini iliyooteshwa na kinyesi cha ndege kwenye nyufa inang'olewa ingali ya kidole. Ukiikata tu, mzizi unabaki ndani, unanenepa na kuyatenganisha mawe. Beit el-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, iliyojengwa 1883, ilianguka sehemu yake Disemba 25, 2020, mchana, siku ya kaskazi. Nyumba hizi hazichagui masika kuangukia. Zinaanguka siku ile uzito unapoushinda ukuta.

Ukishikilia Aprili, jua utakachokipata. Vichochoro vitakuwa mifereji, na mtapita juu ya baraza, yale makalio ya mawe mbele ya nyumba, mkiruka moja hadi nyingine. Ndiyo kazi ya pili ya baraza, kinga ya miguu wakati wa mvua. Mtaa wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kwenye mabonde maji yanatuama, na Mwanakwerekwe inajulikana kwa hilo tangu enzi. Nguo hazikauki, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Bamvua, maji makubwa ya bahari, la mwezi mpevu likiangukia saa za mvua kubwa, maji ya mitaroni hayana pa kwenda hadi bahari ipwe. Tofauti ya kujaa na kupwa hapa hufika mita nne, basi si kungoja kwa mchezo. Wapo wanaoipenda masika, na mimi ni mmoja wao: mji unanuka chokaa mbichi na majani, na wageni hawapo. Lakini si mji unaowahadithia wanao.

Badilisha tiketi. Njooni wiki ya mwisho ya Julai, Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sherehe ya mwaka mpya wa kienyeji, huwa karibu na siku hizo, mkae hadi Agosti ikatike. Tiara mtapata, karafuu za mwanzo mtapata, fundi atakuwa amekwisha kuizima chokaa. Maembe yatawasubiri mwaka mwingine. Watoto waje na sweta, watacheka lakini waje nazo. Na wewe niletee uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, mwembamba, mita mia mbili. Wa pamba unakatika kusi ikikaza.

Dadako,
Unguja Mjini