Lubumbashi nayo ni mji wa watu, si foleni ya malori

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu makala mliyoichapa juu ya Lubumbashi. Mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Mbeya, wakala wa mizigo, na kwa miaka mingi sasa naishi na familia yangu Katuba, katika mji huo huo. Makala yenu iliuweka mji wetu miongoni mwa miji ya Kongo inayopiganiwa, ikahamia kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ikamalizia na bei ya shaba. Wakazi hawakupata hata sentensi moja.

Nianze na vita, maana hapo mmewatia watu hofu bure. Goma, iliyotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, iko zaidi ya kilomita 1,100 kaskazini mwa Lubumbashi. Hiyo ni mbali kuliko Dar es Salaam na Bukoba ukipima moja kwa moja kwenye ramani. Lubumbashi ni makao makuu ya jimbo la Haut-Katanga, kusini kabisa, karibu na mpaka wa Zambia. Makala ilipotoka, madereva walioko huku walianza kupigiwa simu na wake zao wakiulizwa kama wako salama. Walikuwa salama. Walikuwa wamekaa wakisubiri nyaraka, kama kawaida.

Sasa niuseme mji wenyewe, kwa sababu naupenda na nadhani wasomaji wako wanastahili kuufahamu.

Ulizaliwa mwaka 1910, reli iliyotoka kusini, Rhodesia, ilipofika kwenye machimbo ya shaba. Wabelgiji waliuita Élisabethville, kwa jina la malkia wao. Jina la sasa, ambalo ni la mto unaopita hapo, lilirasimishwa mwaka 1966. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ndiyo iliyokuwa mwajiri, mwenye nyumba na mwenye hospitali. Wafanyakazi walikusanywa kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Kasai, na katika miaka ya 1920 hata Rwanda na Burundi. Humo ndani ya kambi za wachimbaji ndimo Kiswahili kilipoota mizizi hadi kikawa lugha ya mji mzima. Kina mapigo yake na kimechanganyika na Kibemba, Kiluba na Kifaransa, lakini mwandishi wenu akikaa siku chache atakielewa vizuri, na ataeleweka.

Wazungu walipanga mji kwa kujitenga. Kati ya mtaa wao na mtaa wa Waafrika, ambao leo ndio Kamalondo, waliacha ukanda mtupu wa mamia ya mita. Ukitembea leo kutoka katikati ya mji kwenda Kamalondo bado unaihisi ile nafasi, ingawa imejaa majengo. Na mtaa mwingine mkubwa wa watu wa kawaida unaitwa Kenya. Naam, Kenya, na hakuna anayeona ajabu kusema anashuka Kenya kununua viatu.

Historia ya mji huu ina damu, na wazee wanaikumbuka. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma wakidai nyongeza ya mshahara walikusanyika uwanja wa mpira. Msemaji wao alikuwa karani, Léonard Mpoyi. Askari walifyatua risasi, naye akauawa pamoja na makumi ya wenzake. Miaka kumi na tisa baadaye, tarehe 17 Januari 1961, jimbo la Katanga likiwa limejitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe, Patrice Lumumba aliletwa hapa kwa ndege pamoja na wenzake wa kisiasa, Maurice Mpolo na Joseph Okito, na usiku ule ule wakauawa porini, Shilatembo, nje ya mji. Mwaka 2022, jino la Lumumba, lililobaki la mwili wake, liliporudishwa kutoka Ubelgiji, jeneza lake lilipitishwa Shilatembo kabla ya kwenda kuzikwa Kinshasa. Sisi tuliosoma shule za Tanzania tulifundishwa jina la Lumumba tangu tukiwa wadogo. Je, ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba mahali alipouawa pako jirani na mji ambao malori yetu yanaingia kila siku?

Niseme na hali ya hewa, kwa sababu mtu wa Pwani akisikia Kongo anafikiria msitu na joto la kunata. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hali yake ni ya nusutropiki. Mvua huanza Novemba na kuisha Machi au Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu, na Juni na Julai usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Madereva wa Temeke wanaokuja na fulana hulazimika kununua makoti ya mitumba siku hiyo hiyo. Septemba vumbi likiwa limezidi, mijakaranda ya katikati ya mji hufunguka maua ya zambarau, na wiki chache baadaye mawingu yanaanza kujikusanya.

Nyumba nyingi za uswahilini huku zimejengwa kwa vichuguu. Eneo hili lina vichuguu vya mchwa vikubwa ajabu, vingine vinazidi urefu wa nyumba. Mafundi hukikata kichuguu kwa sururu kuanzia juu, udongo wake hulowekwa na kukandwa kwa miguu, kisha hupigwa kwenye kalibu za mbao. Tofali likikauka hupangwa na wenzake kuwa tanuru lenye mashimo chini, na moto wa kuni huwashwa humo kwa siku kadhaa. Udongo wa mchwa ni laini na unashikana, tofali lake likiiva vizuri linalia ukiligonga. Nyumba yangu ni ya tofali hizo. Shida ni kuni. Misitu ya miombo iliyouzunguka mji inaisha kwa matanuru hayo na zaidi kwa makaa, na kila alfajiri utawaona vijana wakiingia mjini na baiskeli zilizobebeshwa magunia ya makaa hadi mwendeshaji haonekani, wakizisukuma kwa miguu kutoka mbali sana. Umeme unakatika mno, ndiyo maana hata wenye jiko la umeme wananunua makaa.

Chakula ni bukari, yaani ugali, mara nyingi wa unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo, na sombe, ambayo ni kisamvu kilichotwangwa vizuri. Mahindi mengi hutoka Zambia. Zambia ikizuia kuuza nje, bei ya unga inaruka Lubumbashi ndani ya siku chache, na akina mama wanapunguza unga wa kupika kabla serikali haijasema neno. Hiyo ni habari ya biashara inayomhusu hata mkulima wa Mbozi na Sumbawanga. Sijawahi kuisoma kwenu.

Mpira mnauandika, na hapo nawashukuru. Lakini hata TP Mazembe mmeiandika kama klabu ya akina Samatta na Ulimwengu, basi. Mazembe ilianzishwa 1939 na watawa wa Kibenediktini. Mwaka 2010 ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikiwa imeitoa Internacional ya Brazil 2-0. Samatta alipofunga katika mechi zote mbili za fainali ya Afrika dhidi ya USM Alger mwaka 2015, Kamalondo ilimshangilia kama mtoto wake. Na siku Mazembe inapokutana na Lupopo, timu ya watu wa reli, mji unagawanyika hadi ndani ya nyumba moja. Mjini kuna chuo kikuu ambacho mizizi yake ni mwaka 1956. Kuna pia tamasha la sanaa la Picha lililoanzishwa 2008, ambalo mmoja wa waanzilishi wake ni mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Alama ya mji ni bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, lenye urefu wa zaidi ya mita 150, na pembeni yake mlima mweusi wa mabaki ya madini, uliorundikwa kwa miongo na miongo. Tanuru la kwanza liliwashwa 1911. Kwa kuwa upepo wa kawaida huku unavuma kutoka kusini-mashariki, moshi ulielekea kaskazini-magharibi, na ardhi ya upande huo ililishwa sumu hadi miti ikafa na udongo ukabaki uchi. Watu wanaishi pale, wanachimba visima na kulima bustani za mboga. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wakazi wa maeneo yaliyo karibu na migodi na viwanda Katanga wana kiwango kikubwa mno cha kobalti, madini yanayochimbwa huku pamoja na shaba, kwenye mkojo, watoto wakiwa juu kuliko watu wazima.

Shaba na kobalti ya huku inapita Tunduma, inapita bandari yetu ya Dar es Salaam, na sisi wa usafirishaji tunaishi kwayo. Mimi nimesomesha wanangu kwa mizigo hiyo. Kwa hiyo naona ni haki yetu, na wajibu wa gazeti linalosomwa na wafanyabiashara hao hao, kujua inakotoka na inaacha nini nyuma yake. Anayevuta moshi ule anaongea Kiswahili. Hamhitaji mkalimani kumhoji.

Ombi langu ni mawili. Kwanza, sahihisheni ile habari ya vita, ukurasa ule ule ilipotokea, ili familia za madereva zitulie. Pili, mtumeni mwandishi Lubumbashi, asiishie Kasumbalesa. Kutoka mpakani hadi mjini hazifiki hata kilomita mia. Apite Kamalondo, Katuba na Ruashi, azungumze na wauza makaa, wanafunzi na akina mama wa sokoni, kisha aende upande ule wa kaskazini-magharibi mwa bomba na kuwauliza wakazi maji wanayochota wanayatoa wapi.

Msomaji wako,
Katuba, Lubumbashi