Baba mpya, baa isubiri kwanza

Ndugu mhariri, naomba nafasi niongelee hii tabia yetu wanaume, mke akishajifungua tu simu zinapigwa, washkaji wanaitana baa kumpongeza baba, raundi juu ya raundi mpaka usiku wa manane na huku mama yuko wodini na kichanga anasubiri mtu wa kumletea uji. Mi nilifanya hivyo kwa mtoto wangu wa kwanza, nimerudi asubuhi simu imezima chaji nakuta mama mkwe ndo amekesha anahangaika na hela ya dawa, na hela nimeimalizia kaunta. Mpaka leo naona aibu.

Masaa yale sio ya kuchezea jamani, mama kutokwa damu nyingi mara nyingi hutokea ndani ya masaa 24 baada ya kujifungua, ikihitajika damu au gari la rufaa atafutwe nani kama baba kalewa? Halafu sheria ya ajira ya 2004 inampa baba angalau siku 3 za likizo, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, sasa utoe moja ya kulewa na moja ya hengova, unabaki na nini?

Naomba manesi wa kliniki waliongee hili wazi akina baba wanapoenda na wake zao, na nyie washkaji, hela ya bia mpeni mzazi anunue mtori na pampasi, bia tutakunywa arobaini ikiisha.

Baba wa wawili,
Temeke, Dar es Salaam