Barua kwa mwanangu wa Uyole, kabla hamjasafiri

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tukuyu. Sisi wazima, mvua inanyesha kutwa na migomba imestawi. Mama yako kaniambia Krismasi mnakwenda Dar es Salaam nyote na watoto, na nyumba inabaki yenyewe. Nimefurahi mkawaone wakwe. Ila nyumba ile mmeijenga kwa jasho, ndiyo maana nakuandikia mapema.

Kwanza kufuli la geti. Huwa mnalining'iniza nje, na kufuli la nje linamtangazia kila mpita njia kwamba ndani hamna mtu. Fundi atoboe tundu, mkono upite, lifungwe kwa ndani. Akiwa hapo hapo, azitazame tumbuu za mlango wa jikoni, vile vyuma vinavyopitishwa kufuli. Niliziona mlipohamia: zimeshikwa na skrubu fupi ambazo vichwa vyake viko nje. Mwenye bisibisi hana haja ya kuligusa kufuli. Anafungua skrubu nne tu, anaingia. Ziwekwe bolti zinazopenya ubao mzima, nati zikae ndani.

Halafu huu ni msimu wa mvua. Mvua ya Mbeya ikipiga bati, dirisha linaweza kuvunjwa chumba cha pili usisikie, sembuse jirani. Kwa hiyo mimi nategemea watu kuliko chuma. Muage jirani wa upande wa juu. Muage na yule mama wa genge mkabala na geti lenu, maana haingii mtu mtaani asimwone. Mwachie namba yako. Balozi wa nyumba kumi naye ajue, ili vijana wa ulinzi shirikishi wapite kwenu usiku. Hao wanatosha. Bodaboda atakayebeba mabegi alfajiri hana haja ya kujua mnarudi lini. Na picha za baharini, tafadhali mama, ziweke stetasi mkisharudi.

Taa ya nje ikiwaka mchana kutwa inasema yale yale ya kufuli. Tafuta Mwanjelwa zile zinazojiwasha giza likiingia, na uongeze umeme kwenye LUKU kabla ya kuondoka. Ngazi, sururu na jembe viingie ndani, mwizi asipate vifaa vyenu vya kuvunjia.

Pesa zipeleke benki. Hati ya kiwanja na vyeti nitavitunza mimi. Namba za runinga na kompyuta ziandike, na za simu pia. Piga *#06# utaziona. Mali bila daftari hupotea bila habari, na polisi wakikamata mzigo watakuuliza utajuaje kuwa ni wako.

Mkirudi mkakuta mlango umevunjwa, msiingie. Huenda bado yumo. Waite majirani, pigeni 112, msiguse kitu mpaka polisi wafike. Na akikamatwa kijana wa watu, nakusihi, msimwache apigwe wala achomwe moto. Apelekwe kituoni akiwa hai. Runinga itanunuliwa nyingine.

Ufunguo wa akiba usiufiche chini ya chungu cha maua, huko ndiko wanakoanzia kutafuta. Mdogo wako atakuja Jumamosi kuuchukua pamoja na hati. Nimemwambia awe analala hapo mara kwa mara mpaka mrudi, basi mwachie blanketi zito na mchele kidogo.

Ni mimi baba yako.