Mtungaji Naye Atajwe

Mhariri,

Nimeusoma ukurasa wenu wa burudani wa Jumamosi iliyopita juu ya nyimbo za zamani za pwani. Mwimbaji katajwa, mpiga udi katajwa, hata ukumbi umetajwa. Aliyekesha akiyapanga maneno, hamna. Chai yangu ilipoa nikimtafuta.

Marehemu mume wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Safari moja alirudi na kaseti aliyopewa na serahangi wao, mkuu wa mabaharia, Mmalabari wa Kerala huko India, na ndani yake mna wimbo wa mvuvi. Tuliupiga hapa Shella mpaka utepe ukalegea, na Kimalayalam, lugha ya serahangi huyo, hatukijui hata neno. Serahangi alikuwa amemfasiria: mvuvi anatupa wavu kando ya maji, na hapo yuko msichana anayeziliza bangili zake. Kwa lugha yao wavu ni “vala”, na bangili nayo ni “vala”, ila ulimi hujikunja zaidi kwenye hiyo L. Katupa vala moja, imemnasa nyingine! Mimi ni mtungaji, Mhariri. Nilipoelezwa hilo nilishika kichwa.

Na jina la mtungaji serahangi alikuwa nalo mdomoni: P. Bhaskaran. Alizaliwa mwaka 1924 Kodungallur, mji wa pwani ya Kerala. Ujanani alifungwa na Waingereza katika vuguvugu la 1942 la kuwataka watoke India. Baadaye akatunga shairi juu ya wafanyakazi na wakulima waliouawa katika kijiji cha Vayalar mwaka 1946, nalo likapigwa marufuku Travancore, ufalme wa huko wakati huo. Wimbo wetu wa mvuvi umo katika filamu ya Neelakuyil ya 1954. Nyimbo kazitunga yeye, filamu kaiongoza pamoja na Ramu Kariat, na mle ndani kaigiza tarishi anayemlea mtoto aliyekanwa na babake. Kabla ya hapo filamu zao zilizoea kuazima lahani za Kihindi na Kitamil. Yeye na K. Raghavan, aliyeutia wimbo huo muziki na kuuimba mwenyewe, wakarudi kwenye mahadhi ya nyumbani, ya Mapila, Waislamu wa pwani ile. Filamu ikapewa nishani ya fedha ya Rais. Bhaskaran alifariki mwaka 2007.

Wenzake pia hawakusahauliwa. Vayalar Ramavarma, mshairi na mtungaji wa nyimbo za filamu aliyefariki 1975, ana tuzo ya fasihi inayotolewa kwa jina lake. O. N. V. Kurup, mtungaji wa nyimbo za filamu vilevile, alipata Jnanpith, tuzo kuu ya fasihi India. Huko wimbo wa filamu haukumtoa mtu katika daraja ya washairi.

Sisi pia tuliazima lahani za Kihindi, na hilo silioni aibu. Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi hii hii, aliziimba watu wakatokwa na machozi. Lakini maneno mengi aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, na kijana anayezipiga nyimbo hizo kwenye tuktuk leo hajui kwamba yupo mtu wa pili.

Nasema kwa uchungu wangu. Wimbo niliomtungia mtoto wa dada yangu siku ya harusi yake, beti saba, mizani nane kwa nane, umechukuliwa na kikundi kimoja na sasa umo kwenye simu za watu. Jina langu halimo. Hilo ningelimeza. Lakini beti ya nne wamebadilisha neno moja wakaniulia kina cha kati, na kila niusikiapo pale huinuka nikafunga dirisha. Ningejulikana kuwa ndiye mwenyewe, wangekuja kuniuliza, nami ningewapa neno jingine lenye kina kile kile. Ninayo matatu.

Basi naomba: kila mkichapa habari ya wimbo, andikeni na aliyeutunga. Redio nazo zifanye hivyo kabla ya kuupiga. Ninalo daftari lenye majina ya waliotunga nyimbo za harusi za mtaa huu tangu enzi za nyanya yangu, na ubeti wa kwanza wa kila mmoja. Mwandishi wenu akifika Malindi, aulize nyumba yangu. Nitamfungulia daftari anakili atakacho.

Mtungaji wa kike,
Shella, Malindi